MFUNGO WA WAWILI: SIKU KUMI ZA VYAKULA VYA MIMEA



Kila mwaka Kwaresima inapokaribia, katika jumuiya yetu ndogo ndogo huulizwa swali moja: "Mwalimu, mwaka huu tufunge nini?" Wengine hutaja pombe, wengine sukari, wengine nyama. Miaka ya karibuni nimesikia swali jipya, hasa kutoka kwa wanandoa vijana: "Je, ni vizuri sisi Wakatoliki kuacha kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa kwa siku kadhaa, tukala vyakula vya mimea peke yake?"

Swali hili lina sababu. Hapa Kisii na Nyamira tunaishi jirani na ndugu zetu Waadventista wa Sabato, ambao baadhi yao hawali nyama kabisa. Vijana wetu nao husoma habari za nchi za nje. Huko Uingereza, tangu mwaka 2014, kuna kampeni iitwayo Veganuary, ambayo kila Januari huwaalika watu wajaribu kula vyakula vya mimea tu kwa mwezi mmoja. Basi, tuangalie jambo hili kwa macho ya ndoa ya Kikristo. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana mimi nililijaribu vibaya kabla ya kulijaribu vizuri.

NILIVYOKOSEA

Ilikuwa Jumatano ya Majivu, miaka tisa iliyopita. Nilirudi kutoka kanisani na majivu kwenye paji la uso, nikaketi kitini, nikatangaza: "Kuanzia leo mpaka Pasaka, katika nyumba hii hakuna nyama, hakuna yai, hakuna maziwa." Niliona nimesema neno kubwa, linalomfaa katekista. Mama watoto alikuwa amembeba mtoto wetu wa mwisho, mwenye miezi minne, akimnyonyesha. Alinitazama, akasema tu, "Sawa, Baba watoto." Mimi nikahesabu kwamba amekubali.

Kwa majuma mawili mambo yalikwenda. Yeye aliamka saa kumi na moja, akanywa chai ya strungi, akaenda kuchuma majani chai, akarudi kupika ugali na mboga. Mimi nilikula alichopika, nikasifu mfungo wetu mbele ya jumuiya. Lakini siku za soko nilikuwa na safari zangu. Mara ya kwanza rafiki alinikaribisha hotelini, nikala nyama. Nilijiambia kwamba msafiri husamehewa. Mara ya pili hakuna aliyenikaribisha. Niliingia mwenyewe.

Juma la tatu mama watoto aliona kizunguzungu katikati ya mistari ya chai, akaketi chini na kikapu mgongoni. Maziwa ya mtoto yalikuwa yamepungua, na usiku mtoto alilia. Tulikwenda zahanati. Muuguzi alimpima, akamwuliza anakula nini. Akajibu, "Ugali na mboga." Akaulizwa kuhusu maharagwe, njugu, ndengu. Akajibu kwamba maharagwe yaliisha na hakupewa pesa ya kununua mengine. Muuguzi akaniita ndani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mfungo huu ni wa nani?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilimwungamia mke wangu habari za hotelini. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Nilijua. Shati lako lilinuka moshi wa nyama. Halikuniuma kwamba ulikula. Liliniuma kwamba uliniacha peke yangu."

Kesho yake tulirudisha maziwa mezani. Niliongeza maharagwe na mayai, nikamwomba msamaha. Mtoto akapata nguvu tena. Lakini neno lile, "uliniacha peke yangu", ndilo lililonifundisha ninachotaka kuwaambia leo.

MAANDIKO YANASEMA NINI?

Wengi wanaojaribu mlo huu husoma sura ya kwanza ya kitabu cha Danieli (Dan 1:8-16). Danieli na wenzake watatu walikuwa mateka katika nchi ya kigeni. Hawakutaka kujitia unajisi kwa chakula na divai ya mfalme. Waliomba wajaribiwe kwa siku kumi, wapewe mboga na maji tu. Baada ya siku kumi walionekana wenye afya kuliko vijana waliokula meza ya mfalme.

Tazameni mambo matatu katika habari hii. Kwanza, Danieli hakuamuru. Aliomba kwa heshima, na alipoona msimamizi anaogopa, alimpa muda mfupi wa majaribio ambao mtu angeweza kuukubali. Pili, hakuwa peke yake. Walikuwa wanne, na wote walikula sahani moja. Tatu, siku kumi zilipokwisha, walikubali kuangaliwa waonekane wako namna gani. Mimi niliamuru, nikamwacha mwenzangu peke yake, wala sikumwangalia hata siku alipoketi chini shambani.

Mtakatifu Paulo naye anawapa watu wa ndoa kanuni nzuri (1Kor 7:5). Anazungumza juu ya bwana na bibi kujinyima tendo la ndoa. Anasema wasinyimane, isipokuwa kwa mapatano, kwa kitambo, ili wapate nafasi ya kusali, kisha warudiane. Neno hili halihusu nyama na maziwa. Hata hivyo, kanuni yake inafaa kwa kila mfungo wa ndoa: MAPATANO, MUDA, na SALA. Mfungo wangu wa kwanza ulikuwa na muda tu. Mapatano hayakuwapo, na sala zangu zilikuwa za kujisifu.

KANISA LINATUDAI NINI?

Hapa tuwe wazi, tusijitwishe wala kuwatwisha wengine mzigo ambao Kanisa halikuutoa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 (Kanuni 1251 na 1252) inatutaka tujinyime nyama siku za Ijumaa, au chakula kingine kadiri Baraza la Maaskofu litakavyoelekeza, isipokuwa Ijumaa iangukie sherehe kuu. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu tunajinyima nyama na pia tunafunga. Kujinyima nyama kunawahusu waliotimiza miaka 14. Kufunga kunawahusu watu wazima mpaka waanzapo mwaka wa 60. Watoto hawabanwi, ila wazazi wanaombwa wawafundishe maana ya toba.

Maziwa na mayai hayamo katika katazo hilo. Papa Paulo wa Sita alilieleza jambo hili katika hati yake Paenitemini ya mwaka 1966. Lakini zamani haikuwa hivyo. Katika karne ya 13, Mtakatifu Thoma wa Akwino alieleza kwamba wakati wa Kwaresima Wakristo walijinyima nyama, na pia mayai na vitu vya maziwa. Ndiyo sababu katika nchi nyingi yai limekuwa chakula cha furaha ya Pasaka. Kwa hiyo anayejinyima vyote hivi kwa siku chache hajaiga dini ngeni. Anaonja desturi ya kale ya Kanisa lenyewe.

Jirani zetu wa Ethiopia hawakuiacha desturi hiyo. Wakristo wa Kanisa la Tewahedo hujinyima nyama, maziwa na mayai kila Jumatano na Ijumaa kwa sehemu kubwa ya mwaka, na katika mfungo mkubwa kabla ya Pasaka unaochukua siku 55. Mwezi wa Agosti wana mfungo mwingine wa siku 15, kwa heshima ya Mama Bikira Maria, uitwao Filseta. Siku hizo hula injera, mkate laini wa nafaka ya tefu, pamoja na dengu, mbaazi na mboga. Lakini hebu tuone siri yao: waumini wanafunga pamoja. Mwenye hoteli anajua kupika chakula cha mfungo, na mke hapiki vyungu viwili. Sisi hapa Gusii hatuna msaada huo. Mfungo wa namna hii nyumbani kwetu utasimama au utaanguka kwa bwana na bibi.

UGUMU WETU SISI ABAGUSII

Wageni hudhani kwamba ni rahisi kwa mtu wa Kisii au Nyamira kula mimea tu, kwa kuwa ardhi yetu inatoa kila kitu. Ni kweli tuna ndizi, viazi vitamu, mahindi, wimbi, maharagwe, parachichi, na mboga za kienyeji ambazo miji mingine inazitamani: chinsaga, rinagu, emboga, risosa, enderema. Lakini maziwa yamejificha kila mahali.

Chinsaga ni chungu, na mama zetu walituzoeza kuipika kwa maziwa, ikalala usiku kucha ndipo ikawa tamu. Chai bila maziwa tunaiona kama chai ya msibani. Amabere amaruranu, yaani maziwa ya mgando, ndiyo mwenzake obokima. Na mgeni asipopewa kuku au nyama, huenda akarudi kwake akisema hakupokelewa. Ng'ombe ni mahari, ni heshima, ni akiba ya karo ya shule. Kuacha vitu vyake hata kwa siku kumi ni kugusa desturi, si tumbo peke yake.

Kuna jambo jingine la kukumbuka. Katika jamii kadhaa za magharibi mwa Kenya, Waluhya wakiwamo, zamani wanawake walikatazwa kula kuku na mayai, na wanaume wakala. Huo haukuwa mfungo. Mfungo hutoka moyoni kwa hiari. Bwana akimfungisha bibi huku yeye mwenyewe akila hotelini, hafundishi toba. Anairudisha desturi ile kwa jina la Kwaresima. Nasema hivi nikijua kwamba nilifanya hivyo.

MARA YA PILI

Miaka miwili baadaye, mtoto alikuwa ameacha kunyonya na anakula vizuri. Siku chache kabla ya Kwaresima, mama watoto mwenyewe alisema jikoni, "Baba watoto, tujaribu tena. Lakini siku kumi, kama Danieli. Na tuanze sisi wawili, watoto waachwe."

Aliniwekea masharti matatu. La kwanza, nimsaidie kuchambua mboga jioni, maana kuchambua chinsaga jani kwa jani kunamaliza saa nzima. La pili, ninunue njugu, ndengu na maharagwe ya kutosha kabla ya siku ya kwanza. La tatu, atakayeanguka amwambie mwenzake usiku uleule.

Siku ya sita yeye ndiye aliyeanguka. Alikwenda kwenye chama cha akina mama, akamiminiwa chai ya maziwa, akainywa kabla hajakumbuka. Usiku aliniambia, akiwa na haya. Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Siku zile kumi nilikaa naye jikoni kuliko miezi mingi iliyotangulia. Tukichambua mboga tulizungumza habari za karo, za shamba, na za jambo moja la nyumbani kwao ambalo alikuwa amelibeba mwaka mzima bila kuniambia. Nilijiuliza ningelisikia wapi kama si pale, na sufuria ya mboga kati yetu.

NAMNA YA KUFANYA

Kwa wale wanaotaka kujaribu, haya ndiyo mashauri yangu.

1. Patananeni kwanza. Zungumzeni mapema, si siku ya kuanza. Mmoja akisema hapana, msifanye. Anaweza mmoja kujinyima nyama Ijumaa kama Kanisa linavyotaka, bila kumlazimisha mwenzake mengine.

2. Wekeni muda. Siku tatu, siku kumi, au juma la mwisho la Kwaresima. Wanaoanza wasikimbilie siku 40.

3. Andaeni ghala. Kosa kubwa la watu wengi ni kuondoa nyama na maziwa bila kuweka kitu mahali pake. Ugali na sukuma wiki peke yake si mlo kamili, hasa kwa mtu anayelima au kuchuma chai. Mwili unahitaji protini, na kwa mlo wa mimea tutaipata katika maharagwe, ndengu, kunde, njugu na soya. Nafaka ikiliwa pamoja na maharagwe, moja husaidia pungufu la nyingine. Pure ya mahindi na maharagwe, ile inayoitwa githeri, ni chakula cha heshima.

4. Tumieni wimbi. Gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, wakati gramu 100 za maziwa ya ng'ombe zina kama 120. Mwili hauwezi kuchukua yote iliyo ndani ya wimbi, lakini kuuchachusha unga kabla ya kupika uji kunasaidia. Babu zetu walijua jambo hili kwa ulimi kabla wataalamu hawajaliandika.

5. Angalieni damu. Mboga zetu za majani zina madini ya chuma, ila mwili huyachukua kwa shida kuliko yale ya nyama. Yaleni pamoja na ndimu, chungwa au pera, kwa kuwa vitamini C inasaidia. Chai, hata ya strungi, inazuia. Inywe saa moja kabla au baada ya chakula, si pamoja nacho.

6. Pikeni kitu kitamu. Saga njugu zilizokaangwa, koroga na maji ya moto, mimina katika chinsaga mahali pa maziwa, ichemke taratibu. Uchungu utapungua. Ukichanganya chinsaga na emboga au risosa, hata watoto watakula. Asubuhi uji wa wimbi wenye ndimu, au viazi vitamu na chai ya strungi. Mchana githeri na parachichi. Jioni obokima na mboga ya njugu, au ndengu na chapati zilizokandwa kwa maji. Baada ya chakula, ndizi mbivu au pera.

7. Bwana aingie jikoni. Vyakula hivi vinachukua muda: maharagwe kulowekwa, njugu kusagwa, mboga kuchambuliwa. Kama kazi yote imeachiwa bibi, mfungo umekuwa adhabu ya mtu mmoja.

WASIOPASWA KUJARIBU

Hapa naomba msikilize sana. Mama mjamzito na mama anayenyonyesha wasijaribu bila kumwona daktari au muuguzi. Watoto wadogo wasinyimwe maziwa na mayai kwa sababu ya mfungo wa wazazi. Mwenye kisukari anayetumia dawa, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye kifua kikuu, na kila anayetumia dawa za kila siku, amwulize kwanza anayemtibu. Mungu hakuomba sadaka ya afya ya mtoto wa mtu. Desturi ya Kanisa siku zote imewasamehe wagonjwa na wadhaifu.

Tena, iko vitamini moja, B12, ambayo haipatikani katika mimea ya kawaida. Mtu mzima mwenye afya huwa nayo akibani ndani ya ini, kwa hiyo siku kumi au Kwaresima nzima haimdhuru. Lakini atakayeamua kuishi hivyo daima lazima aipate kwa vidonge au kwa vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo.

Je, mlo wa mimea unaleta afya? Kuanzia mwaka 2002, Chuo Kikuu cha Loma Linda huko Marekani, ambacho ni cha Waadventista, kilifuatilia Waadventista wapatao 96,000 wa Marekani na Kanada. Wasiokula nyama walionekana kuwa na uzito mdogo, na kisukari kilikuwa kwa wachache zaidi kati yao. Hiyo ni habari njema. Lakini ilihusu watu walioishi hivyo kwa miaka, si kwa siku kumi. Mfungo mfupi usitazamiwe kuponya ugonjwa. Unaweza kutufundisha kupenda maharagwe na mboga zetu, na kupunguza nyama ya choma hata baada ya Pasaka. Hilo si dogo.

MAMA MKWE, WAGENI NA NDOA ZA MSETO

Siku ya nne ya mfungo wetu mama yangu alikuja kututembelea, akiwa ameleta kuku wawili. Watoto walishangilia magokoro amefika. Mama watoto alinitazama. Yeye ni mkaza mwana, asingeweza kukataa kuku wa mama mkwe. Nilielewa kwamba ni zamu yangu kusema. Nilimweleza mama kwamba tumefunga, na kwamba shauri hilo ni letu sote wawili. Alinung'unika kidogo, kisha kuku mmoja akachinjwa kwa ajili yake na wajukuu, mwingine akaachwa afugwe. Sisi tulikula ndengu. Wanaume, jamaa zenu mkazungumze nao ninyi. Msimwache mke aonekane ndiye anayewanyima mama zenu chakula. Na iwapo hali ya mgeni inadai mle naye, kuleni naye bila hofu. Upendo ni mkubwa kuliko mfungo, na Bwana alitufundisha tusijionyeshe kwa watu tunapofunga (Mt 6:16-18).

Ziko pia nyumba ambazo mmoja ni Mkatoliki na mwingine ni Mwadventista. Katika nyumba hizo sahani huweza kuwa uwanja wa vita. Mmoja anamcheka mwenzake kwa kutokula nyama, mwingine anamwona mwenzake najisi kwa kuila. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula (Rum 14:2-3). Siku kumi za mlo wa mimea zinaweza kuwa nafasi ya amani katika nyumba kama hiyo: Mkatoliki anaketi kwenye meza ya mwenzake kwa hiari yake, bila kuiacha imani yake, na mwenzake anajiona ameheshimiwa. Najua nyumba moja ambako jambo hilo lilimaliza ugomvi wa muda mrefu kuliko mahubiri ya upande wowote.

KILICHOBAKI KIENDE WAPI?

Nabii Isaya anatuambia mfungo anaoupenda Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula (Isa 58:6-7). Fanyeni hesabu. Nyumba inayonunua nusu kilo ya nyama mara mbili kwa juma itaokoa kilo sita kwa majuma sita ya Kwaresima. Pesa hiyo iko wapi? Kama imerudi mfukoni mwa bwana, tumebana matumizi tu, hatujafunga.

Sisi tunaye ng'ombe mmoja. Maziwa ya jioni, ambayo sisi wawili tungeyatia katika chai na mboga, tuliyapeleka kwa jirani, bibi mmoja mjane anayelea wajukuu watatu. Mama watoto alishika kibuyu, mimi nilishika taa. Siku ya kumi na moja, mfungo umekwisha, jioni ilipofika nilimwona mama watoto amesimama mlangoni na kibuyu mkononi. "Wale watoto watakuwa wanangoja," akasema. Nilitafuta taa. Mpaka leo, ng'ombe akiwa na maziwa, safari ile haijakoma.

Wanandoa wapenzi, mtu anaweza kuacha nyama, maziwa na mayai akabaki na moyo uleule wa kiburi. Mimi ni shahidi. Lakini mkipatana wawili, kwa muda mfupi, mkisali pamoja, na mkikaa jikoni pamoja, hata sahani ya chinsaga isiyo na maziwa inaweza kuwaleteeni Pasaka ndani ya nyumba.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, ni nani huamua tunachofunga? Je, mwenzangu aliposema "sawa", alikuwa amekubali kweli?

2. Ni jambo gani ninalomtaka mwenzangu ajinyime, ambalo mimi mwenyewe sijinyimi niwapo mbali na nyumbani?

3. Tukijaribu siku tatu au kumi za vyakula vya mimea, nani atachambua mboga, nani atazungumza na jamaa, na maziwa au pesa itakayobaki tutampa nani?

4. Je, kuna mtu nyumbani ambaye kwa afya yake hapaswi kufunga? Tumemwambia wazi kwamba yeye ameruhusiwa kula?

SALA

Ee Yesu Mwema, ulifunga jangwani siku arobaini, tena ukakaa arusini Kana pamoja na wenye furaha. Utufundishe kufunga bila kuachana na kula bila kusahauliana. Uibariki meza yetu, iwe na kingi au kichache, na wale wasio na meza utukumbushe kwamba ni wetu. Amina.